Sanduku limejaa shukrani, wagonjwa wa kemo wanapotea: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni muuguzi kiongozi wa kliniki ya saratani katika hospitali ya rufaa ya kanda hapa Tanzania. Tuna sanduku la maoni mlangoni, na kila robo mwaka tunawajazisha wagonjwa fomu ya kuridhika na huduma. Sandukuni tunakuta karatasi chache, karibu zote zimeandikwa "Asanteni, Mungu awabariki". Kwenye fomu wengi mno wanachagua "nimeridhika sana". Wakati huohuo wapo wanaokatisha kemo, yaani dawa za kutibu saratani, baada ya mzunguko wa pili au wa tatu, na nikipita getini nasikia ndugu zao wakinung'unika. Uongozi umenitaka niandike mpango wa kutumia maoni ya wagonjwa kuboresha huduma. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wanaonung'unika getini na wanaochagua "nimeridhika sana" ni watu walewale, na kote kuwili wanasema kweli. Mgonjwa anajaziwa fomu na nesi aliyemtafutia mshipa asubuhi ile, naye anajua kwamba wiki tatu zijazo ni nesi yuleyule atakayemfungia dripu. Atajibu nini? Atashukuru. Anashukuru kweli, maana ametoka mbali, amepata kitanda na dawa ameipata. Halafu anaogopa kuonekana mkorofi. Na zaidi ya yote amelelewa hivyo: ukimuuliza hali, hata akiwa hoi, ataanza na "nzuri". Fomu yenu imepima malezi ya wagonjwa. Huduma bado hamjaipima.

Usidhani ni kwetu peke yetu. Katika hospitali za umma za England kuna utafiti wa taifa ulioanza 2010, unaowauliza wagonjwa wa saratani waliyoyapitia kwenye matibabu. Swali la jumla, lile la kutoa alama kati ya 0 na 10, huleta wastani wa karibu 8.9, na miaka yote hausogei sana. Wangeishia hapo wangefunga faili na kwenda nyumbani. Lakini fomu ile ina maswali mengine mengi yanayohusu mambo yaliyotokea: uliambiwa kwamba unaweza kuja na ndugu au rafiki siku ya kupewa majibu? Ulipewa mtu wa kumtafuta ukiwa na tatizo, na ulipomtafuta alipatikana kwa urahisi? Kabla ya kupelekwa hospitali ulirudi mara ngapi kwa daktari wa karibu na nyumbani? Hapo ndipo upungufu unapoonekana, na unaonekana kwa namna ambayo mtu anaweza kuushughulikia. Angalia pia njia yenyewe: fomu inamfuata mgonjwa nyumbani kwa posta, inarudi kwa taasisi iliyo nje ya hospitali, na matokeo ya kila hospitali yanatangazwa kwa jina lake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoushikilia kuliko yote, ni huu: acha kuwauliza kama wameridhika. Waulize kilichotokea. Atakayeuliza asiwe yule anayewatibu, na asiulize mtu yeyote kabla hujajua nani atalishughulikia jibu litakalokuja.

Nianze na swali moja ambalo ningependa kila kliniki ya kemo nchini iwe inaliuliza: "Ukipata homa usiku wa manane, utampigia nani? Naomba unionyeshe hiyo namba." Sio "umeelekezwa?", kwa sababu kwa hilo kila mtu atasema ndiyo. Mwambie akuonyeshe, kwenye simu yake au kwenye kadi. Wewe unajua kwa nini. Dawa hizi hushusha chembe nyeupe za damu, na kwa dawa nyingi hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kupewa. Homa ya nyuzi 38 au zaidi katika kipindi hicho ni dharura. Mgonjwa anahitaji antibiotiki haraka, bila kungoja kupambazuke. Mgonjwa anayemeza Panadol na kujifunika khanga hadi asubuhi anaweza asifike asubuhi. Sasa waulize wagonjwa kumi. Wakionyesha namba watatu tu, umegundua jambo ambalo sanduku lisingekuambia hata likikaa mlangoni miaka ishirini. Na dawa yake ni rahisi: simu moja ya kliniki inayopokewa usiku na mchana na mtu wa zamu anayejua la kufanya, na namba yake iandikwe kwa kalamu nene mbele ya kadi, si nyuma kwenye maandishi madogo.

Maswali mengine yafuate mwendo huohuo. Mara ya mwisho ulipokuja kwa dawa ulifika saa ngapi, na dripu ilifungwa saa ngapi? Ulikula saa ngapi? Kuna aliyekueleza dawa itakufanya nini ukifika nyumbani? Alikuambia nini? Ulipopata maumivu ulifanyaje? Kuna siku uliondoka hapa bila dawa uliyoijia? Jibu la swali la namna hii halimlaumu mtu. Mgonjwa anasema tu "nilifika saa kumi na moja alfajiri, dripu ilifungwa saa nane mchana", na anaweza kulisema hilo akiwa amekushukuru na kukuombea dua. Adabu yake inabaki palepale, na wewe umepata ukweli.

Lakini maswali yote huwezi kuyabuni ukiwa ofisini. Baadhi ya mambo hutayafikiria kabisa mpaka mgonjwa akusimulie siku yake, hatua kwa hatua, tangu alipoamka. Katika hospitali moja niliyofanya nayo kazi, mizani ilikuwa kwenye korido, mbele ya mabenchi ya kusubiri. Msaidizi alisoma uzito kwa sauti ili mwenzake upande wa pili auandike kwenye faili: "Arobaini na moja!" Mabenchi yote yamesikia. Mama huyo kliniki iliyopita alikuwa arobaini na sita, na waliosikia mara zote mbili wameshapiga hesabu. Kupima uzito hakukwepeki, kwa kuwa dozi ya dawa nyingi za kemo hukokotolewa kwa urefu na uzito wa mwili. Kutangaza kunakwepeka. Hakuna karatasi ya sanduku iliyowahi kutaja mizani ile. Habari yake ilitoka pale mama alipokuwa akisimulia asubuhi yake, akafika kwenye mizani na kusema hapo ndipo anapotamani kurudi nyumbani. Mizani ikahamishiwa chumba cha kupimia presha, na aliyepima akawa ndiye anayeandika. Haikugharimu hata shilingi.

Masimulizi ya namna hiyo yana historia yake. Mwaka 2005 na 2006, watafiti Paul Bate na Glenn Robert walifanya kazi na kliniki ya saratani za kichwa na shingo katika hospitali ya Luton and Dunstable, kaskazini ya London. Wagonjwa walirekodiwa kwa video wakisimulia walichopitia. Wahudumu nao wakasikilizwa upande wao. Baadaye pande zote mbili zikakaa chumba kimoja, zikaitazama video pamoja, zikachagua mambo ya kurekebisha na kugawana kazi. Nguvu yake ni kwamba mgonjwa haishii kutoa maoni na kwenda zake. Anabaki mezani wakati wa kutafuta jawabu. Wewe huhitaji kamera. Unahitaji chumba, chai, wagonjwa watano au sita waliokwisha kumaliza dawa na kwa hiyo hawana cha kuogopa, nesi wawili, mtu wa maabara, mtu wa dawa, na mtu wa dirisha la bima. Huyo wa dirishani usimsahau. Wagonjwa wengi humtaja yeye kabla ya daktari.

Kabla ya kikao hicho, tembea mwenyewe na mgonjwa mmoja kuanzia getini hadi kitandani, na saa mkononi. Mapokezi, dirisha la bima au ustawi wa jamii kwa wenye msamaha, presha na uzito, maabara, kungoja majibu ya damu, daktari, dawa kuchanganywa, kitanda. Andika dakika za kila kituo. Mara nyingi utakuta kwamba muda mwingi haupotei kwenye huduma yenyewe, unapotea katikati: damu imetolewa saa mbili, majibu yametoka saa nne, lakini faili halikurudi kwa daktari hadi saa sita kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kulifuata. Utakuta pia watu waliokaa na njaa tangu alfajiri kwa kudhani kipimo cha damu kinataka tumbo tupu, kumbe hakuna aliyewaambia wanaweza kula. Wengine wangeweza kupima damu siku moja kabla kwenye hospitali ya wilaya yao, wakaja kwako na majibu mkononi. Haya ni mambo ya kupanga. Hayangoji jengo jipya.

Sasa tuje kwa anayeuliza, maana hapa mipango mizuri huharibika. Mpe kazi hiyo mtu asiyeshika sindano: ofisa ustawi wa jamii, mtu wa takwimu mwenye moyo wa kusikiliza, au bora zaidi mtu aliyewahi kuugua saratani na kutibiwa, kama kuna kikundi chao karibu nanyi. Aulize kwa simu, siku chache baada ya mgonjwa kurudi nyumbani, si kwenye benchi la foleni. Wengi hawatajaza karatasi, ama kwa kutojua kusoma vizuri, ama kwa macho, ama kwa mikono inayokufa ganzi kwa dawa. Kwa simu watazungumza, na wakizungumza utasikia hata yale ambayo fomu haikuwa na kisanduku chake.

Simu nayo ina mitego yake. Kina mama wengi wa vijijini wameandikisha namba ya mume, ya kijana wao, au ya mwenye duka. Ukipiga na kusema "natokea kliniki ya saratani", umemtangazia siri yake mtu ambaye pengine hakupaswa kujua. Kwa hiyo siku ya kufungua faili muulize: simu hii ni ya nani, na tukipiga tujitambulishe vipi? Kiandike alichosema. Orodha hiyo ifungiwe. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na habari za afya ni katika zile zinazolindwa kwa uzito zaidi.

Kuna mtego mkubwa kuliko huo. Wapo wagonjwa wetu ambao ndugu wameambiwa saratani, wao wenyewe wameambiwa "uvimbe". Umeliona hili mara nyingi kuliko mimi. Mpiga simu asije akawa ndiye wa kwanza kulitamka neno hilo. Aanze na "napiga simu kutoka hospitali kujua unaendeleaje baada ya dawa", kisha aulize, "Wewe umeelezwaje kuhusu ugonjwa wako?" Neno atakalolitumia mgonjwa ndilo na yeye alitumie mpaka mwisho. Ikionekana hajui, si kazi ya mpiga simu kumwambia. Amjulishe daktari, ili daktari apange kukaa na mgonjwa na watu wake faraghani, kwa muda wa kutosha. Lakini jibu hilo lihesabiwe. Ukigundua kwamba wapo wanaofika mzunguko wa tatu bila kuambiwa wanatibiwa nini, hayo ni maoni mazito hata kama mwenyewe hakulalamika. Mtu asiyejua anatibiwa nini atavumiliaje kutapika wiki nzima kwa ajili ya "uvimbe"?

Hapo tunafika kwa wale wanaokatisha dawa, na hawa ningewapa siku zangu nyingi kuliko wote. Fomu zenu zote mmewajazisha waliofika. Aliyeacha kuja hajaulizwa kamwe, na yeye ndiye anayejua mlipomwangusha. Chukua rejesta ya kemo ya miezi mitatu iliyopita, toa majina ya waliopitisha tarehe ya kurudi, wapigiwe mmoja mmoja. Usimuulize "kwa nini hukuja", hiyo ni lugha ya mwalimu wa zamu. Muulize siku ile ya kurudi kulikuwaje nyumbani.

Wengine mtakuta wameshafariki. Mpiga simu awe tayari kwa hilo: fomu iwekwe pembeni, atoe pole kwa moyo, asikilize. Mara nyingi mfiwa mwenyewe ataanza kueleza siku za mwisho zilivyokuwa, maumivu yalivyotulizwa au yalivyoachwa. Hayo yaandikwe baada ya simu kukatwa.

Kwa wengine utasikia nauli, na utasikia kukosa pa kulala usiku wa kuamkia dawa. Hayo yapelekwe ustawi wa jamii yakiwa na hesabu yake: wangapi, kutoka wilaya zipi. Utasikia pia mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wako wewe. La kwanza ni mgonjwa aliyesafiri, akakuta dawa haipo, akarudi, akasafiri tena, ikawa haipo. Mara ya tatu hakuja. Ukosefu wa dawa unaweza usiwe mikononi mwako, lakini kumpigia siku mbili kabla ya safari na kumwambia "dawa ipo, njoo" au "subiri, tutakuita" ni mikononi mwako. La pili huwashangaza wahudumu wengi: aliyeacha kwa sababu dawa inafanya kazi. Uvimbe umenywea, amerudi shambani, ameona amepona. Huyo hakuasi. Alikosa sentensi moja siku ya kwanza: kwamba uvimbe unaweza kupotea machoni na ugonjwa ukawa bado umo, na ndiyo maana mizunguko ni sita na si miwili.

Umeuliza juu ya kuboresha huduma, nami sitaki uishie kwenye foleni na mizani, ingawa ni mambo ya maana. Maoni ya mgonjwa juu ya mwili wake mwenyewe nayo ni maoni, na yana ushahidi mkubwa kuliko yote niliyoyataja. Katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York, Ethan Basch na wenzake waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 766 waliokuwa kwenye kemo, saratani zao zikiwa zimeshasambaa. Kundi moja liliendelea na utaratibu wa kawaida. Kundi jingine lilikuwa likijaza mara kwa mara, kwenye kompyuta, hali ya dalili 12 za kawaida: maumivu, kichefuchefu, uchovu, kukosa pumzi na nyinginezo. Dalili ikizidi, nesi anapata arifa. Baada ya mwaka, waliokwenda idara ya dharura walikuwa asilimia 34 katika kundi la kujaza, na asilimia 41 katika kundi la kawaida. Matokeo ya uhai yalitangazwa 2017: muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka, ulikuwa miezi 31.2 kwa waliojaza na miezi 26.0 kwa wengine. Jambo lililonigusa mimi zaidi ni kwamba wale ambao hawakuwa wazoefu wa kompyuta ndio walionufaika zaidi.

Nikueleze yote, usije ukaahidi uongozi makubwa. Utafiti mkubwa uliofuata, uliofanywa katika kliniki 52 za Marekani na wagonjwa 1,191, ulithibitisha kwamba dalili zinadhibitiwa vizuri zaidi na mgonjwa anaishi kwa nafuu zaidi, lakini tofauti ya muda wa kuishi haikuonekana. Mimi nasema nafuu hiyo inatosha kuwa sababu. Na tazama kilicholeta tofauti kule New York. Arifa 77 katika kila 100 zilifuatiwa na hatua ya nesi: simu ya ushauri, dawa ya kutapika kubadilishwa, dozi kupunguzwa, mgonjwa kuitwa. Kompyuta ilipeleka habari tu. Aliyemsaidia mgonjwa ni nesi. Ukikusanya dalili na hakuna anayezisoma siku hiyohiyo, umemchosha mgonjwa bure na umemfundisha kwamba kusema hakuna faida.

Kwetu huna haja ya kuanza na kompyuta. Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika (tiba shufaa ni ile ya kutuliza maumivu na kumpa mgonjwa nafuu), chenye makao yake Kampala, kilitengeneza kipimo chenye maswali kumi, saba ya mgonjwa na matatu ya anayemuuguza. Kinauliza maumivu na dalili nyingine za siku tatu zilizopita, wasiwasi juu ya ugonjwa, kama ameweza kuwaeleza watu wake anavyojisikia, kama ana amani. Asiyejua kusoma anajibu kwa mkono: ngumi ni sifuri, vidole vitano ni tano. Kwa simu anataja idadi ya vidole. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wenyewe walishiriki utafiti mdogo, uliochapishwa 2021, wa kuwafuatilia kwa simu ya mkononi wagonjwa wa tiba shufaa waliokwisha kurudi nyumbani, wakitumia kipimo hiki. Kwa hiyo hutakuwa unabuni jambo jipya nchini. Mimi ningempigia kila mgonjwa mpya wa kemo siku ya tatu, wakati kutapika kunapozidi, na siku ya kumi, wakati chembe nyeupe ziko chini. Alama ya tatu au zaidi kwenye maumivu ipande kwa daktari siku hiyohiyo. Kama mnapata shida ya nani aandike mofini, ile dawa kali ya maumivu, wakumbushe uongozi kwamba Uganda iliruhusu tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika. Hapa utafuata sheria za kwetu, lakini hoja ya kufikisha dawa karibu na mgonjwa ni ileile.

Kuhusu wenzako wa kliniki: wataogopa, na wana haki. Wengi wameona maoni yakigeuzwa fimbo. Siku ya kwanza ya kikao mtu atauliza "nani kasema?" Swali hilo lisijibiwe, wala usiruhusu faili litafutwe. Mgonjwa mmoja akihisi amejulikana, mabenchi yote yatanyamaza mwezi huo. Wasomee pia sifa, na zisome kwa majina, maana zipo nyingi na ni za kweli. Utakuta mgonjwa anamkumbuka mfanya usafi aliyemletea ndoo kabla hajaiomba. Lakini nisikufiche: ikitajwa rushwa, au matusi, au mgonjwa kuguswa isivyostahili, hilo limevuka mpaka wa kuboresha huduma. Lina taratibu zake za nidhamu na za sheria, na lipelekwe huko mara moja.

Halafu jibu lirudi kwa wenyewe. Weka ubao pale wanapongoja, wenye mistari mitatu kwa Kiswahili cha kawaida: mlituambia nini, tumefanya nini, tumeshindwa nini na kwa nini. Huo wa tatu ndio utakaoaminisha miwili ya kwanza. "Mlituambia vyoo vya nje ni vya kuchuchumaa na wenye miguu dhaifu hawaviwezi. Tumefungua choo cha ndani cha wahudumu kwa wagonjwa wa kemo. Vya nje hatujavitengeneza, fedha tumeomba." Wasiojua kusoma wasomewe asubuhi kabla ya kuanza kuita majina, inachukua dakika mbili. Sanduku liache palepale kwa anayelipendelea, na mfumo wa serikali wa e-Mrejesho uutangaze kwa mwenye malalamiko rasmi.

Kwenye mpango wako usiandike kurasa thelathini. Weka mambo matatu ya kuhesabu: wagonjwa wangapi kati ya kumi wanaweza kuonyesha namba ya dharura, saa ngapi zinapita kati ya kufika na kufungwa dripu, na wangapi wamerudi kwa tarehe yao. Pima mwezi huu kabla hujabadili lolote, ili baadaye ujue umetoka wapi. Simu kumi kwa wiki zinatosha kuanza. Chagueni jambo moja la kurekebisha, mlimalize, ndipo mshike jingine. Ukitaka siku moja kuyachapisha matokeo kama utafiti, omba kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, mapema. Baada ya kazi utakuwa umechelewa.

Na simu hizo, pamoja na laini ya usiku, zilipiwe na hospitali. Nimeona kliniki zikianza vizuri kwa salio la mfukoni mwa nesi, mwezi wa pili simu zinapungua, wa tatu zinakoma. Liandike fungu hilo kwenye bajeti, lipate saini ya mganga mfawidhi, ndipo mpige simu ya kwanza.